Namba Mia Mbili Kumi na Nne

Wapendwa, Injili ya leo mmeisikia ikisomwa, na imesomwa vizuri, kwa hiyo sitairudia. Nataka tu niwaletee mama mmoja. Jina simpi. Nikimpa jina, kuna watu humu wataacha kusikiliza waanze kuulizana ni wa mtaa gani, kaolewa wapi, kanisani anakaa upande upi. Nawajua. Huu ni mfano, na mfano hauna ukoo.

Kulikuwa na mama mmoja, mjane, mkulima wa kahawa, mzee wa kanisa katika usharika wake kwa miaka mingi. Alikuwa mtu wa maneno machache. Wako watu wa namna hiyo. Unaweza kupalilia naye tangu asubuhi hadi jua la mchana, ukaondoka hujui kama amefurahi au amekasirika. Lakini nyimbo alizijua. Kile kitabu cha nyimbo cha zamani, chenye jalada jeusi, alikuwa nacho kichwani karibu chote, beti pamoja na namba zake. Na kwa kuwa maneno yalimpa taabu, nyumbani kwake alizungumza kwa namba.

Mnacheka, lakini ndivyo ilivyokuwa. Watoto wakigombana uani, yeye akiwa jikoni, alitamka tu, "Sitini na tatu," nao wakajua ni ule wimbo wa ndugu kukaa pamoja, wakaachana. Mume wake, enzi za uhai wake, alipofiwa na mdogo wake, mama alimwekea chai mezani akamwambia, "Mia moja na tisa," akarudi jikoni. Mvua ikichelewa, namba. Mtoto akifaulu mtihani, namba. Hakuwahi kumwambia mtoto wake kwamba anampenda. Hata wengi wetu hapa hatukuwahi kuambiwa, tulikua hivyo hivyo. Yeye alitaja namba, na mtoto akaenda kufungua kitabu akasoma mwenyewe kilichosemwa juu yake. Watoto wake wawili, mvulana na mdogo wake wa kike, walilelewa kwa namna hiyo.

Yule binti akakua, akaenda mjini kujifunza kushona. Huko akapata mwanaume, wakakaa pamoja bila ndoa, akapata mimba. Utaratibu wetu mnaujua. Baraza la wazee likakaa, binti akatengwa na ushirika. Mama yake alikuwa mjumbe wa baraza hilo. Angeweza kutoka nje wakati jina la mwanawe linajadiliwa, na hakuna ambaye angemlaumu. Hakutoka. Alikaa hadi mwisho, na mikono ilipoinuliwa, wake nao uliinuka.

Siku binti alipokuja nyumbani na tumbo lake, mama alisimama mlangoni, na kwa mara ya kwanza wanawe hawakusikia namba. Alisema kwa maneno, mbele ya shangazi wawili na majirani waliokuwa wakichambua maharage.

"Usikanyage hapa mpaka nikuite mwenyewe."

Binti akageuka na mkoba wake, akaondoka.

Ikapita miaka kumi na moja. Kule mjini binti alijifungua, akafunga ndoa na baba wa mtoto, akarudishwa kundini katika usharika wa huko, akaingia hata kwaya. Kila lilipotokea jambo jema alimpigia kaka yake, ili kaka amweleze mama. Kaka alieleza. Mama alisikiliza hadi mwisho, kisha akainuka akaendelea na kazi yake. Kila Krismasi binti alimshonea mama yake gauni la kitenge, kwa vipimo alivyovikumbuka, akalikunja akaliweka kabatini. Hakulituma. Alikuwa ameambiwa asubiri kuitwa, naye alikuwa mtoto wa mama yule, neno kwake lilikuwa neno.

Katikati ya miaka hiyo kanisa likatoa kitabu kipya cha nyimbo, chenye jalada la kijani. Kamati ilikaa, ikaondoa nyimbo ilizoona zimechakaa, ikaingiza nyingine, ikazipanga upya zote. Miezi ya kwanza ilikuwa vurugu. Mwinjilisti anataja namba, nusu ya kanisa inaimba Pasaka na nusu nyingine inaimba Kwaresima. Likatolewa tangazo kwamba vitabu vyeusi visitumike tena, watu wakazoea. Yule mama naye alinunua cha kijani kama wenzake. Kanisani aliimba nacho, akirudi nyumbani alikiweka juu ya kabati.

Kisha mama akapatwa na kiharusi. Upande wa kulia ukalala, na maneno, yale machache aliyokuwa nayo, yakamtoka yote. Hakuweza kusema maji. Hakuweza kutaja jina la mwanawe aliyekuwa akimlisha uji. Zilibaki namba tu. Mganga wa kituo cha afya aliwaeleza kwamba hutokea, kwamba mtu anaweza kupoteza usemi akabaki na alivyovikariri tangu utotoni. Kaka alimpigia dada yake akamweleza hali ilivyo. Dada aliuliza jambo moja tu, kama mama amemwita. Kaka akajibu ukweli, kwamba hajamwita. Hata hivyo binti alipanga nguo kwenye begi siku hiyo hiyo, akaliweka nyuma ya mlango, akawa anashona huku sikio liko kwenye simu.

Asubuhi moja, wiki mbili baadaye, mama alinyoosha mkono wake mzima akaonyesha picha iliyotundikwa ukutani. Ilikuwa picha ya binti siku ya kipaimara, amevaa gauni jeupe. Akaishika simu ya mwanawe akaigonga kwa kidole. Halafu akatamka, polepole, kila tarakimu kwa taabu, "Mia mbili kumi na nne." Akarudia mara tatu. Jasho lilimtoka.

Yule kaka alielewa kwamba ni ujumbe wa dada yake. Alitoka nje akapiga simu. Siku hiyo alikuwa na kahawa mbichi inayosubiri kumenywa, na mawingu yalikuwa yanakusanyika. Hakufungua kitabu.

"Mama amesema nikwambie mia mbili kumi na nne."

"Basi?"

"Basi. Zaidi ya hapo hasemi. Ninyi wawili na namba zenu mnajuana."

Binti hakuukumbuka wimbo huo. Namba nyingi za nyumbani kwao bado alikuwa nazo, lakini hii haikuwahi kutajwa mle ndani. Akachukua kitabu chake cha kwaya, cha kijani, ndicho pekee alichokuwa nacho. Alijua kwamba hatimaye ameitwa, alitaka tu kusoma kwa maneno gani. Akaipata. Ilikuwa katika fungu la nyimbo za Siku ya Hukumu. Akasoma:

Mlango umeshafungwa,
karamu imeshaanza;
wewe uliyechelewa,
huna tena pa kukaa.

Mume wake alikuwa amesimama hapo na funguo mkononi, tayari kumpeleka kituo cha basi. Akamwuliza mama amesemaje. "Amenijibu," binti akasema, akalifungua begi na kuanza kutoa nguo moja moja.

Nawauliza ninyi. Ungefanyaje? Najua kuna mtu hapo nyuma anasema moyoni, mimi ningekwenda tu. Kweli? Mtu aliyekuambia usubiri kuitwa, ukasubiri miaka kumi na moja, halafu anatumia pumzi yake ya mwisho kukutumia ubeti kama huo, wewe ungepanda basi? Mimi sidhani kama ningepanda. Ningekaa nilipokaa yule binti, chini, kati ya nguo, na ningelia alivyolia.

Kule nyumbani mama alisubiri. Kila asubuhi aliitazama picha akasema mia mbili kumi na nne. Kaka akamwambia nimeshampigia, mama, nimemwambia. Mama akatulia. Kesho yake akaanza tena.

Mchungaji akaja kumpa Chakula cha Bwana, akiwa na akina mama wanne wa kwaya. Msiniulize mchungaji huyo ni nani. Wachungaji wote tunafanana tukiwa na wagonjwa watano wa kutembelea kabla ya saa saba. Mama alipomwona tu alisema mia mbili kumi na nne, na mchungaji akafurahi. Akawaambia wale akina mama kwamba mgonjwa anaomba wimbo, basi tumwimbie. Wakafungua vitabu vyao vya kijani, wakasimama kuzunguka kitanda, wakamwimbia mlango umeshafungwa.

Mama akatikisa kichwa. Machozi yakamtoka. Akapiga godoro kwa mkono wake wa kushoto, akapiga tena na tena. Mchungaji akawanong'oneza wenzake watazame jinsi Roho anavyomgusa. Wakaimba beti zote sita, wakaomba, wakanywa chai, wakaondoka. Wiki iliyofuata wakarudi, mama akataja namba ile ile, nao wakamwimbia tena wimbo ule ule. Ninapofika hapa huwa nashindwa kuendelea vizuri, mnivumilie. Mtu anaomba mlango ufunguliwe, na kanisa limesimama kitandani kwake linamwimbia kwamba umefungwa, na linafanya hivyo kwa upendo, kwa sauti nne, bila kukosea noti hata moja.

Siku ya kumi na sita tangu simu ile, mama akafa.

Binti alikuja kuzika. Ubeti ule ulimzuia kumwona mama yake akiwa hai, lakini haukuweza kumzuia kumzika. Hakukaa na wafiwa. Alikaa nyuma kabisa ya turubai, pamoja na majirani, kama mtu aliyepita njia. Watu walipoitwa kuaga mwili alijipanga naye kwenye mstari, akapita kando ya sanduku akitazama viatu vya mtu aliyemtangulia. Uso wa mama yake hakuutazama. Angeutazamaje? Akarudi kukaa. Fundi akaweka kifuniko, akapiga misumari.

Ndipo mchungaji akasimama akasema kwamba kabla ya kwenda kaburini tutaimba wimbo ambao marehemu aliupenda hadi siku yake ya mwisho, hata aliposhindwa kusema neno lolote aliweza kuutaja. Akataja namba mia mbili kumi na nne. Watu wakafungua vitabu vya kijani, wakaanza kuimba. Binti akasimama kwa heshima ya watu, kinywa amekifunga.

Kando yake alikuwa amekaa bibi mmoja mzee sana, masikio yamekufa karibu kabisa. Bibi huyu hakuwahi kununua kitabu kipya. Tangazo lilipotolewa alisema kwamba Mungu hajabadilisha namba. Basi miaka yote hiyo, mwinjilisti akitaja namba, bibi alionyeshwa namba kwa vidole na jirani yake, akafungua kitabu chake cheusi, akaimba chake. Hasikii wenzake, hajui kwamba yuko peke yake. Watu walikuwa wamemzoea, hakuna aliyegeuka tena kumwangalia. Siku ile naye aliimba, kwa nguvu, kama waimbavyo viziwi, mdomo wake ukiwa karibu kabisa na sikio la binti:

Fungueni, mwana aja,
kiti chake kipo wazi;
msimwulize kwa nini,
mfuteni tu machozi.

Binti akamgeukia. Akaushika mkono wake, akasogeza mdomo sikioni akamwamkia, kisha akamwuliza anaimba wimbo gani.

"Huo aliotaja mchungaji," bibi akasema. "Wa kumrudisha mtu kundini. Mama yako ndiye aliyekuwa akituanzishia, kila alipokuwa anapokewa mtu aliyetengwa."

Akampa kitabu. Namba ilikuwa mia mbili kumi na nne.

Mmeelewa sasa. Kiharusi kilimnyang'anya mama maneno, kikamnyang'anya na namba za kitabu cha kijani alizojifunza uzeeni. Kilimwachia zile za jalada jeusi, za tangu usichana wake. Alimwita mwanawe kwa wimbo mzuri kuliko wote aliokuwa nao, ule alioimbiwa kila mtoto wa watu aliyerudi, na ambao kwa miaka kumi na moja alikuwa hajathubutu kuutaja nyumbani kwake.

Sauti zikaanza kupungua chini ya turubai. Wa kwanza kunyamaza walikuwa wale akina mama wanne walioimba kitandani. Walimwona binti na kitabu cheusi, wakamsikia bibi, wakatazamana. Mmoja akakaa chini kwenye nyasi, akajifunika uso kwa kanga. Binti akapita katikati ya watu na kitabu kimefunguka, akaenda hadi kwa kaka yake.

"Kaka, kwa nini hukuniambia njoo?"

"Hakusema njoo," kaka akajibu. "Alisema namba."

Kisha binti akamwendea mchungaji. Akamwomba sanduku lifunguliwe, hata dakika moja tu, kwa sababu yeye alipita bila kumtazama mama yake. Aliomba kwa sauti ya chini, hakufanya fujo yoyote. Mchungaji akatazama misumari. Akatazama wingu lililokuwa linashuka mlimani, akatazama saa yake, maana kulikuwa na msiba mwingine mtaa wa pili. Akamwekea mkono begani akamwambia kwa upole, "Mwanangu, tumeshachelewa." Wakalibeba sanduku wakaenda.

Mfano wangu umeishia hapo. Najua mngependa niwape kipande kingine, kwamba labda binti aliota ndoto, au alisikia amani kaburini. Sina. Alizika, akarudi mjini na kitabu cheusi.

Sasa ni zamu yetu. Tafuteni katika habari hii mtu mmoja aliyesema uongo. Hayupo. Kaka alifikisha ujumbe kama alivyopewa. Binti alisoma kilichoandikwa. Mchungaji aliimba kilichoombwa. Kamati ilipanga nyimbo vizuri, kwa kufuata mwaka wa kanisa. Kila mtu alifanya sehemu yake, na mama akafa anapiga godoro.

Na mama mwenyewe? Tunamwonea huruma, na tumwonee. Lakini niruhusuni niseme jambo linaloniuma. Kabla ya kiharusi alikuwa na miaka kumi na moja ya kinywa kizima. Kila mara kaka aliposimama pale jikoni akasema dada amejifungua salama, dada amefunga ndoa, dada amerudishwa kundini, neno lilikuwa moja tu, njoo, na hata mtu wa maneno machache analimudu. Hakulisema. Alisubiri hadi alipokuwa hawezi, ndipo akatafuta namba. Tena kumbukeni, wapendwa, siku alipomfukuza hakutaja namba. Alitumia maneno, yakasikika vizuri hadi kwa watu waliokuwa wanachambua maharage.

Hivyo ndivyo tulivyo sisi. Tukitaka kumfukuza mtu tunasema wazi. Tunatumia Kiswahili fasaha, tunaita na mashahidi. Tukitaka kumsamehe ndipo tunaanza kupita pembeni. Tunamwombea kimyakimya. Tunaimba kwa hisia, tukitumaini atasikia. Tunamtumia ubeti kwenye simu, tunamtumia salamu kupitia kwa shemeji. Baba amemkasirikia mwanawe miaka sita, siku ya Krismasi anaimba habari za amani duniani hadi mishipa ya shingo inasimama, na mwanawe amekaa benchi la tatu, na baada ya ibada wanapishana mlangoni kama wageni. Unadhani wimbo umemwambia? Wimbo haukumwambia kitu. Wimbo ni wa Mungu, Mungu anajua unamaanisha nini. Mwanao hajui. Yeye ana kitabu kingine.

Nimekuwa mchungaji miaka ishirini na sita, na nimeanzisha nyimbo nyingi kando ya vitanda. Nazipenda nyimbo zetu, mnanijua. Lakini nimeanza kuogopa kwamba wengine tumejificha ndani yake. Tumeimba msamaha Jumapili baada ya Jumapili, hadi tukaridhika kwamba tumeshausamehe ulimwengu wote, kumbe yupo mtu mmoja, ana jina, ana namba ya simu, anasubiri kuitwa, na nguo zake ziko kwenye begi.

Kwa hiyo leo hatutafunga ibada kwa wimbo. Kwaya mnisamehe, najua mlifanya mazoezi tangu Jumatano. Nawaomba mtoke nje taratibu. Yule uliyemwambia kwa maneno asikanyage kwako, mpigie. Usimsomee mstari, usimwimbie, usimweleze ni nani alianza. Mwambie njoo. Asipopokea, piga tena. Na kama mtu huyo hayupo tena duniani, usiondoke peke yako, nisubiri nje, tutakaa pamoja.

Baraka nitaitamka huko uwanjani. Natangulia mimi kutoka, kwa sababu nami ninaye wa kumpigia.